Je, wajua kwa nini asali hutuliza kikohozi ilhali haiui virusi vya mafua?

Ukishikwa na mafua, ushauri hauishi: kunywa tangawizi, lamba asali, jifukize, tafuna kitunguu saumu. Kisha hutokea wa kukwambia kwamba hayo yote ni bure, kwani mafua hayana dawa. Nionavyo mimi, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Mafua husababishwa na zaidi ya aina 200 za virusi. Vinavyoongoza ni rinovirusi, ambavyo hustawi zaidi kwenye nyuzijoto 33 hadi 35, na pua ina ubaridi huohuo. Hakuna tangawizi wala antibiotiki ya kuving'oa humo. Lakini kamasi, chafya na koo kuwasha, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mwili wenyewe unaojikinga: mishipa midogo ya damu puani hutanuka, utando huvimba, ute humiminika. Kwa hiyo kitu kisichogusa virusi hata kimoja kinaweza kukupa nafuu ya kweli.

Asali ndiyo mfano mzuri. Kwa uzito wake hutanda kooni na kufunika panapowasha, na utamu wake huchochea mate, basi hamu ya kukohoa hupungua. Mwaka 2007, watafiti wa Pennsylvania, Marekani, waliwapa asali watoto waliokuwa wakikohoa, muda mfupi kabla ya kulala. Wazazi wao walieleza kuwa usiku huo kikohozi kilipungua na usingizi ukawa bora kuliko kwa watoto ambao hawakupewa kitu. Ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kamwe, hata tone. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumboni mwake huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Na joto la kinywaji je? Mwaka 2008, huko Cardiff, Wales, wagonjwa 30 wa mafua walipewa kinywaji cha matunda, wengine kikiwa cha moto, wengine kikiwa na joto la chumbani. Vyote viwili vilipunguza kamasi, chafya na kikohozi. Cha moto kikaongeza nafuu ya koo, baridi ya mwili na uchovu.

Mentholi, kemikali ya mnanaa inayoleta ubaridi, nayo ina jambo la ajabu: huamsha neva za puani zinazohisi ubaridi, ukaona pua imezibuka, kumbe hewa inayopita ni ileile. Kwa kujifukiza, nina hofu moja tu, nayo ni kubwa: beseni la maji ya moto karibu na mtoto. Wengi wameungua hivyo.

Vitamini C ikitumiwa kila siku hufupisha mafua kwa takriban asilimia 8 kwa watu wazima. Ukianza baada ya kuugua, haionekani kusaidia. Na ukipumua kwa shida, au homa ikikaa siku kadhaa, hapo si pa tangawizi tena, nenda kwa daktari.

Katika kuzuia, nawa mikono kwa sabuni, na lala. Mwaka 2015, watafiti wa Marekani waliwatia watu 164 rinovirusi puani. Kwa waliokuwa wakilala chini ya saa 6, uwezekano wa kupata mafua ulikuwa zaidi ya mara 4 ya ule wa waliolala zaidi ya saa 7.