Je, wajua? Kwa nini picha kali ya satelaiti huichanganya kompyuta kuliko picha hafifu

Ukipanda gari kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Marangu, huhitaji kuambiwa kwamba umeingia kwenye vihamba, yale mashamba ya Wachaga yanayozunguka nyumba zao kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Juu kabisa utaona miringaringa na misesewe, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi. Hapa na pale bati la nyumba linametameta. Endelea kupanda mpaka mabati yaishe na migomba iishe: hapo umefika msituni. Mtoto wa darasa la pili anaijua tofauti hiyo. Ipe kompyuta picha ya satelaiti ya mteremko huohuo, nayo inaweza kukuletea ramani ambayo kihamba na msitu vimepakwa rangi moja.

Tusiicheke haraka. Kwa njia ya zamani, kompyuta husoma picha pikseli moja baada ya nyingine (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha), na kwake pikseli si mti wala nyumba. Ni tarakimu chache tu: mwanga mwekundu kiasi gani, wa kijani kiasi gani, na ule wa infraredi, usioonekana kwa macho lakini hurudishwa kwa wingi na majani mabichi. Tarakimu za jani la mgomba na za jani la mti wa msituni hukaribiana mno. Ni sawa na kuonyeshwa herufi "a" peke yake kisha ukaulizwa imetoka kwenye neno gani.

Basi si tutafute picha kali zaidi? Ndivyo wengi walivyodhani. Satelaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, ilikuwa na pikseli ya mita 80 hivi kila upande. Hiyo ni kama ekari moja na nusu, kwa hiyo kihamba kizima cha familia kiliweza kumezwa na nukta moja. Sentinel-2, iliyoanza kuruka mwaka 2015, ilishusha kipimo hicho hadi mita 10. Tangu IKONOS mwaka 1999, satelaiti za kibiashara zimefika mita moja na kushuka chini yake.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwenye pikseli ya mita 10, mgomba, kivuli chake na udongo wa pembeni huchanganyika na kutoa wastani mmoja. Kwenye picha ya nusu mita, eneo hilohilo lina pikseli 400, na kila moja ina lake la kusema: hii jani linalong'aa, hii kivuli, hii bati jipya, ile bati lenye kutu linalofanana na udongo mwekundu. Ramani inatoka na madoa kama chumvi na pilipili zilizomwagwa mezani. Ukali uliongezeka, lakini maana ikasambaratika.

Dawa yake ni kuacha kuuliza pikseli moja moja. Kwanza picha hukatwa vipande, na kila kipande huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Njia iliyozoeleka huanza kwa kuichukulia kila pikseli kuwa kipande, kisha kipande huungana na jirani anayefanana naye zaidi, na muungano huo nao hutafuta jirani. Kabla ya kila ndoa, kompyuta hupima: tukiviunganisha hivi viwili, mchanganyiko wa ndani utazidi kiasi gani? Ukivuka kikomo ulichokiweka, ndoa haifungwi. Programu iliyoipa njia hii umaarufu, eCognition, ilitoka Munich mwaka 2000, kwenye kampuni ya Gerd Binnig, yule mwanafizikia aliyepata Nobel ya mwaka 1986 kwa hadubini inayoonyesha atomu. Baadaye kampuni hiyo iligeukia picha za tishu za wagonjwa. Seli na shamba, kumbe, hukatwa kwa mkasi mmoja.

Anayejifunza atateseka zaidi kwenye kile kikomo, maana hakina kipimo cha mita wala ekari. Unajaribu 30, unatazama, unajaribu 60. Ushauri wangu ni kukosea kwa kukata vipande vidogo mno. Vidogo unaweza kuviunganisha baadaye, lakini kipande kilichobeba nusu msitu na nusu kihamba kimeshaharibika. Huhitaji pesa ili kuanza: programu za QGIS na Orfeo ToolBox ni za bure, na picha za Sentinel-2 pia.

Kipande kikishapatikana, maswali mapya yanawezekana. Kina umbo gani? Shamba kubwa la kahawa lina kingo zilizonyooka na mistari ya kupanda. Kimepakana na nini? Paa limezungukwa na kijani pande zote, au na mapaa wenzake? Kiko mwinuko gani? Data za mwinuko zilizokusanywa kwa chombo cha anga za juu Februari 2000 hupatikana bure, na tunajua kwamba ukanda wa vihamba, kwa upande wa kusini wa mlima, uko takriban kati ya mita 1,000 na 1,800. Sasa unaweza kuandika kanuni ambayo hata bibi wa Kilema angeikubali: kijani kilichochanganyika, chenye mabati ndani yake, ndani ya ukanda huo, ni kihamba. Kijani kisicho na bati, juu ya ukanda huo, ni msitu.

Kanuni hiyo itakudanganya mahali fulani. Kuna kihamba ambacho mwenyewe alihamia Dar es Salaam, nyumba ikabomoka, miti ikafunga juu. Kwenye ramani hakitasomeka tena kuwa kihamba. Ukifika kwa miguu na kuinama chini ya migomba iliyobaki, utakuta masale yamesimama kwenye mpaka, palepale yalipopandwa.