Andiko la kuomba fedha za utafiti hukwama wapi kabla halijasomwa

Mtafiti anaweza kulinoa andiko lake miezi mitatu, kisha likaondolewa asubuhi moja na ofisa wa mfadhili ambaye hata si mwanasayansi. Taasisi haijasajiliwa, mwombaji hana ngazi ya elimu iliyotajwa kwenye tangazo, kiambatisho kimesahaulika. Makala hii inashughulikia zaidi vikwazo hivyo, kwa mhadhiri, mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti wa taasisi ya umma anayeomba akiwa Tanzania. Aliyeko Kenya au Uganda naye atakuta mengi yanamhusu.

Anayeomba ni taasisi

Kwa wafadhili wakubwa, fedha haziingii kwenye akaunti ya mtafiti. Mkataba husainiwa na chuo, na chuo ndicho kinachowajibika zikipotea. Basi kabla ya kuandika lolote, nenda kurugenzi ya utafiti ukaulize taasisi imesajiliwa wapi na usajili unaisha lini.

Chukua mfano wa NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Chuo cha nje ya Marekani kinahitaji kwanza NCAGE, msimbo wa kuitambulisha taasisi, ndipo kijisajili SAM.gov, daftari la serikali ya Marekani la wanaoomba fedha zake, na kupata UEI, namba ya kipekee ya taasisi, halafu kijisajili Grants.gov na eRA Commons, mifumo ya kutuma na kufuatilia maombi. Ushauri wa NIH wenyewe ni kuanza angalau wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho. Kinachokwamisha mara nyingi ni kitu kidogo: anwani imeandikwa kwa namna moja kwenye NCAGE na kwa namna nyingine SAM, mfumo unakataa kuzioanisha, barua pepe za kwenda na kurudi zinakula mwezi. Usajili wa SAM pia huhuishwa kila mwaka, na ofisa aliyekuwa na nywila anaweza kuwa ameshahamishwa.

Umoja wa Ulaya hutumia PIC, namba ya tarakimu tisa ya taasisi. Vyuo vingi vikubwa vya umma vinayo. Itafute kwenye tovuti yao kwa jina la chuo, usifungue nyingine. Vipo vyuo vyenye PIC kadhaa kwa sababu kila idara ilijifungulia yake. Wewe mwenyewe jisajili ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, na wafadhili wengi sasa wanaidai.

Kutafuta kwa kuanzia mwisho

Wengi hutafuta matangazo yaliyo wazi. Njia yenye faida zaidi ni kuangalia kwanza nani amekwisha kulipwa. CORDIS ni hifadhidata ya miradi iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, na NIH RePORTER ni ya miradi ya NIH. Zote ni za wazi. Ukiandika "Tanzania" pamoja na mada yako utaona kiasi kilichotolewa, muda wa mradi na taasisi inayoongoza. RePORTER ina kipengele kiitwacho Matchmaker: unabandika ikisiri yako, nacho kinakuletea miradi inayofanana na maofisa wa programu wanaoisimamia. Ofisa huyo mwandikie ukurasa mmoja wenye malengo mahususi, umuulize kama mada inaingia kwenye programu yake. Jibu la "hapana" wakati huo limekuokolea miezi mitatu.

CORDIS ina faida ya ziada. Miradi mingi ya Horizon Europe, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 hadi 2027, hudai muungano wa taasisi zisizopungua tatu kutoka nchi tatu tofauti ambazo ni wanachama wa Umoja wa Ulaya au washirika wa programu, na angalau moja iwe ndani ya nchi mwanachama. Chuo cha Tanzania hakiwezi kutimiza sharti hilo peke yake, lakini kikiingia kama mbia kwa kawaida kinastahili kulipwa. Kwa hiyo unachotafuta pale ni waratibu waliowahi kufanya kazi ukanda huu.

Usidharau vilivyo karibu. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE), na kwa mambo ya bahari WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yenye makao yake Zanzibar, ina programu za ruzuku za MASMA na MARG. Kwa anayeanza, ruzuku ndogo iliyofungwa vizuri kwa ripoti na makala hufungua mlango wa kubwa.

Angalia pia tarehe ya unachokisoma. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha utaratibu wa zamani wa chuo cha Marekani kupitisha fedha kwa mbia wa nje, hivyo mwongozo wa 2023 unaweza kukupoteza kabisa. Na tovuti ikikutaka ulipe "ada ya kuchakata maombi", ifunge.

Lengo linalopimika na bajeti inayohesabika

Tuchukue kilimo cha mwani Zanzibar, ambako cottonii, aina mojawapo ya mwani unaolimwa, imekuwa ikifa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Andiko dhaifu litasema: "Kuchunguza athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima wa mwani." Lenye nguvu litasema: "Kulinganisha mavuno ya cottonii kwenye kamba za maji mafupi na za kina kirefu, Paje na Jambiani, kwa miezi 12." La pili tayari limeshamwambia mtathmini unapima nini, wapi, na gharama itatoka wapi.

Bajeti ifuate lengo hilo mstari kwa mstari. Siku 2 kwa mwezi, vituo 2, miezi 12: ni siku 48 za mashua. Tuseme mashua na mafuta ni shilingi 120,000 kwa siku. Jumla ni 5,760,000. Mtathmini anayeona "usafiri: shilingi milioni 10" bila hesabu hudhani umekisia, na mara nyingi hakosei. Posho zifuate viwango vya taasisi, tena viwe kwenye waraka unaoweza kuuambatisha. Yanayosahaulika: ada za vibali, usafirishaji wa sampuli, gharama za kuchapisha, na kushuka kwa thamani ya fedha pale ambapo mkataba ni wa yuro na matumizi ni ya shilingi.

Gharama zisizo za moja kwa moja, yaani umeme, uhasibu na ofisi, kila mfadhili ana asilimia yake. Kwenye miradi ya Horizon Europe inayolipwa kwa gharama halisi ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, bila kuhesabu kazi ulizowapa wakandarasi. Ukiwa na yuro 80,000 unaongeza 20,000. NIH huwapa waombaji wa nje asilimia 8, vifaa vikubwa vikiwa vimeondolewa kwenye hesabu. Mtafiti anayezipunguza ili bajeti ionekane rahisi hafaidiki chochote, na mhasibu wa chuo atazidai baadaye kutoka kwenye fedha za kazi ya uwandani.

Kuhusu vibali, soma tangazo. Wafadhili wengi hawadai kibali cha maadili siku ya kuomba, bali kabla fedha za kazi husika hazijatumika. Weka hata hivyo miezi ya kutosha kwenye mpango kazi: NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa utafiti wa afya Tanzania Bara, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar kwa visiwani, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, kwa wanyamapori, na COSTECH ikiwa kuna mbia mgeni. Mpango kazi unaoanza kukusanya data mwezi wa kwanza unamwonyesha mtathmini kwamba mwandishi hajawahi kuomba kibali.

Siku ya kutuma

Saa ina mtego wake. Matangazo ya Horizon Europe kwa kawaida hufungwa saa 11 jioni ya Brussels, ambayo kwetu ni saa 12 jioni majira yao ya joto na saa 1 usiku majira yao ya baridi. NIH hufunga saa 11 jioni ya mahali ilipo taasisi inayoomba, kwa hiyo ukiwa Dodoma ni saa 11 jioni ya Dodoma. Anayehesabu kwa saa ya Washington anajipa muda ambao haupo.

Mfumo wa Ulaya hukuruhusu kutuma na kubadilisha mara nyingi kabla ya muda kwisha, na toleo la mwisho ndilo linalohesabiwa. Tuma la kwanza siku mbili kabla, hata kama halijakamilika. Kurasa zilizozidi kiwango hazitaonekana kwa watathmini, na sehemu ya mpango kazi mara nyingi ndiyo inayokatwa kwa sababu iko mwishoni. Kwa NIH, mfumo hutofautisha "makosa" na "maonyo". Maonyo hayazuii maombi, lakini kosa moja linayasimamisha.

Ukikataliwa, pata ripoti ya tathmini. Horizon hutoa alama 0 hadi 5 kwa kila kigezo kati ya vitatu, kwa kawaida ukihitaji 3 kila kimoja na 10 kwa jumla, hivyo utajua ulianguka wapi. NIH huruhusu kurudisha andiko lililorekebishwa ndani ya miezi 37, likiwa na utangulizi unaojibu hoja za watathmini. Utangulizi huo jibu hoja moja moja, hata ile unayoona haikukutendea haki.