Mkupuo wa kustaafu ni mshahara wa miaka mingapi?

Nchini Tanzania, mtumishi wa umma anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 hupokea malipo ya namna mbili: mkupuo, unaoingia mara moja, na pensheni ya kila mwezi. Wengi huupokea mkupuo kama mtaji wa kuanzia mradi. Kihesabu, sehemu kubwa ya fedha hiyo ni mishahara ya miaka ijayo iliyolipwa mapema, na kazi yake ya kwanza ni kuziba pengo kati ya pensheni na matumizi ya nyumbani.

Chukua mfano wa mstaafu mwenye mkupuo wa shilingi 60,000,000 na pensheni ya 560,000 kwa mwezi, ambaye nyumba yake hutumia 900,000. Pengo ni 340,000. Ukigawanya 60,000,000 kwa 340,000 unapata miezi 176, karibu miaka 15, na hapo ndipo wengi huacha hesabu. Lakini bei hazisimami. Zikipanda kwa asilimia 4 kila mwaka na pensheni ikabaki palepale, pengo la mwaka wa tatu linafika takriban 413,000, na fedha iliyolala bila kuzaa inakwisha ndani ya mwaka wa kumi. Mstaafu hajatimiza miaka 70, wala hajajenga banda la kuku.

Kazi yako ya kwanza ianze miaka mitano kabla ya kustaafu, nayo ni ya makaratasi. Chini ya sheria ya 2018 iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, pensheni kamili ya mwaka ni idadi ya miezi uliyochangia, mara wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, kugawanywa kwa 580. Kwa hiyo kila miezi 58 ya michango ina thamani ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wako wa mwaka katika pensheni kamili, kabla ya kukata sehemu inayolipwa kama mkupuo. Mwajiri akiwa hakuwasilisha michango ya mwaka mmoja, unapoteza kama asilimia 2 ya mshahara huo, kila mwaka, maisha yako yote. Aliyechangia chini ya miezi 180 hapati pensheni ya mwezi kabisa. Chukua taarifa ya michango, ipitie mwezi kwa mwezi ukiwa na hati zako za mshahara, na hakikisha majina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana kwenye kitambulisho cha taifa (NIDA), barua ya ajira na kumbukumbu za mfuko. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuchelewesha malipo kwa miezi.

Kazi ya pili ni madeni. Mkopo wa mshahara unaovuka tarehe ya kustaafu utakula mkupuo kabla hujaupangia chochote, na riba yake kwa kawaida ni kubwa kuliko faida utakayopata kwenye uwekezaji wowote salama. Ulipe ukiwa bado kazini.

Baada ya hapo, gawa. Katika 60,000,000 za mfano wetu tungeweka 6,000,000, kama matumizi ya miezi sita na ziada kidogo, mahali panapotoka haraka, kwa mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ukiziweka benki, kumbuka kuwa riba ya amana hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na Bodi ya Bima ya Amana humlinda kila mteja hadi 7,500,000 tu kwa benki moja. Nyingine 4,000,000 ziende kwenye paa, choo na bomba: nyumba ikitengenezwa leo haitadai dharura kesho.

Milioni 38 ziende kwenye hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba. Benki Kuu huziuza kwa mnada siku ya Jumatano, kuanzia 1,000,000, kwa muda wa miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Utahitaji akaunti ya CDS, yaani daftari la kielektroniki linaloandika dhamana unazomiliki, inayofunguliwa kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Kwa wastani wa asilimia 12, 38,000,000 huzaa 4,560,000 kwa mwaka, yaani 380,000 kwa mwezi: pengo limezibwa miaka miwili ya mwanzo bila kugusa mtaji. Usinunue zote za muda mmoja. Changanya za miaka 5, 10 na 20 ili kila baada ya miaka kadhaa kiasi fulani kiive na kukupa uhuru wa kuamua upya.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hatifungani ya miaka 20 iliyotolewa kwa riba ya asilimia 15.49 inavutia kuliko ya asilimia 12.10 iliyokuja mwaka 2022, lakini bei yake sokoni inaweza kuwa imepanda. Ukiinunua kwa 120 kwa kila 100 ya thamani iliyoandikwa, riba halisi juu ya fedha uliyotoa ni asilimia 12.9, na siku ya kuiva utarudishiwa 100. Zile 20 hazirudi. Sehemu ya kila riba unayopokea ni mtaji wako mwenyewe unarudi kidogo kidogo. Ukiila yote, unakula mbegu.

Milioni 12 zilizobaki ndizo za kupambana na bei za mwaka wa tatu na kuendelea. Ziende kwenye vipande, yaani sehemu za umiliki, vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja wenye hisa za kampuni ndani yake, kama Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS ulioanza 2005, na zisiguswe kwa angalau miaka mitano. Thamani ya kipande hupanda na kushuka. Anayeuza kwa hofu mwaka mbaya ndiye anayepata hasara. Ukitaka mradi wa bajaji au duka, utenge kwenye milioni hizi 12 kabla ya kununua vipande, si kwenye hatifungani, na usizidi nusu yake.

Ukitafuta mshauri, muulize maswali matatu kabla hajafungua kompyuta. Ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Analipwa na nani: wewe kwa ada, au kampuni ambayo bidhaa yake anakuuzia kwa kamisheni? Na akisema “nunua hiki,” atakuonyesha pia vingine viwili alivyovilinganisha? Anayelipwa kamisheni si lazima awe mwongo, ila hawezi kuitwa mshauri huru. Fedha zisipite kwenye akaunti yake hata siku moja: hatifungani huandikwa kwa jina lako kwenye CDS, na malipo ya vipande huingia kwenye akaunti ya mfuko wenyewe.

Mwisho, mwenzi wako ajue namba ya CDS, namba ya akaunti ya vipande na jina la dalali. Mwenye akaunti akifariki, mali hizo hupitia mirathi na msimamizi anayethibitishwa na mahakama, na msimamizi hawezi kudai asichojua kama kipo.