Mstari wa uzoefu ni nini?

Mstari wa uzoefu ni mchoro anaouchora mtumiaji mwenyewe, kuonyesha hisia zake juu ya kifaa au programu zilivyopanda na kushuka tangu aanze kuitumia. Mtafiti Sari Kujala na wenzake waliieleza mbinu hii mwaka 2011, kwa watumiaji 20 wa simu za mkononi. Jaribio la saa moja maabara huonyesha mtu anavyojifunza kifaa. Kwa nini amekichoka baada ya miezi minane halioni.

Karatasi na kalamu vinatosha. Mhimili mlalo ni muda: kushoto alipoanza, kulia leo. Mhimili wima ni hisia, na mstari wa sufuri unapita katikati, nzuri juu yake, mbaya chini. Mtumiaji aanzie kushoto, na kila anapopindisha mstari aandike sababu palepale: "betri haifiki jioni", "nimegundua inahifadhi picha yenyewe". Maneno hayo ndiyo mali. Mstari usio na maelezo ni pambo tu.

Mvuto, urahisi wa kutumia, manufaa na kiasi cha matumizi vichorwe kila kimoja kwenye karatasi yake. Vikichanganywa, mvuto unaoshuka na urahisi unaopanda hufutana, ukabaki na mstari bapa usiosema kitu. Katika utafiti ule wa 2011, mvuto ndio ulioendana zaidi na kuridhika kwa watu na utayari wao wa kupendekeza simu kwa wengine.

Udhaifu mkubwa ni kumbukumbu. Watu hukumbuka siku za mwanzo na wiki iliyopita, katikati wakapavuka kwa mstari ulionyooka. Hapo usimwulize "vipi mwezi wa tano?"; muulize kuhusu tukio, kama alipobadilisha laini au alipoweka toleo jipya. Kuchora kwenyewe nako husaidia: iScale, programu ya kuchorea mistari kama hii ya mtafiti Evangelos Karapanos na wenzake, ilileta kumbukumbu nyingi na zenye maelezo zaidi kuliko kukumbuka bila kuchora, na watu waliporudia, majibu yao yalilingana zaidi na ya awali.

Wakati wa kuchambua, linganisha mwanzo na mwisho wa kila mstari: umepanda, umeshuka au umebaki palepale, kisha yapange maelezo kwa sababu zake. Usitafute wastani wa urefu wa mistari ya watu mbalimbali, maana sentimita mbili za mmoja si sentimita mbili za mwingine.