Tuletee makohozi, siyo mate: mambo ya kliniki ya TB

Ni nadra mgonjwa wangu kuja kliniki wiki ya kwanza ya kukohoa. Kwanza anapita duka la dawa. Anaanza na dawa ya maji, ikishindikana anapewa amoksilini, halafu "ile kali ya vidonge vitatu". Kikohozi kinatulia siku mbili tatu, kinarudi. Simlaumu sana, maana duka liko mtaani kwake na halina foleni. Ninachokigombeza ni kununua kiholela dawa za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini. Hizo zinaweza kuwapunguza bakteria wa TB bila kuwamaliza, mtu akadhani amepona kumbe ugonjwa umejificha tu, na huku nyumbani anaendelea kuambukiza.

Ukifika kwetu tunaanza na maswali. Umekohoa wiki mbili au zaidi? Unapata homa, hasa jioni? Unatoka jasho usiku mpaka shuka linalowana? Nguo zimeanza kukupwaya? Jibu moja tu la ndiyo linatosha kukupeleka kwenye vipimo. Anayeishi na VVU hatumsubirishi wiki mbili, hata kikohozi cha jana tunakifuatilia.

Kisha unapewa kikopo chenye mfuniko, unaambiwa utoke nje. Wapo wanaokasirika hapo, wakidhani wanatengwa. Tunakutoa nje kwa sababu TB inasafiri hewani, na mahali penye upepo na jua hutamwambukiza nesi wala mama mwenye mtoto aliyeko kwenye benchi. Sukutua mdomo kwa maji. Vuta pumzi ndefu, ishikilie kidogo, iachie. Rudia tena. Halafu kohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa ya kifua, uteme moja kwa moja kwenye kikopo bila kugusa ndani yake. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Tunataka kitu kizito, chenye kunata. Povu jeupe linaloteleza ni mate, na mtu wa maabara akiliona atakurudisha. Wanaume wengi hulimaliza jambo hili haraka. Akina mama, hasa waliosindikizwa na wakwe, wanaona haya kukohoa kwa sauti, wanatema mate ya adabu na kuondoka. Kwa hiyo siku hizi namwomba msindikizaji asubiri mbali kidogo.

Makohozi ya alfajiri, kabla hujala chochote, huwa mazuri zaidi, ndiyo maana unaweza kupewa kikopo cha kwenda nacho nyumbani. Mashine ya GeneXpert inachukua kama saa mbili, na inasema mambo mawili kwa mpigo: kama bakteria wapo, na kama wamekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Kituo kisicho na mashine hutuma sampuli kwenye kituo chenye nayo, hapo majibu yanachelewa. Mtoto mdogo hawezi kukohoa tunavyotaka. Kwake tunatazama uzito, picha ya eksirei, na zaidi ya yote nani mwingine nyumbani anakohoa. Na majibu yakisema hakuna bakteria huku bado unakonda, rudi. TB ya tezi au ya uti wa mgongo haionekani kwenye makohozi.

Kipimo na dawa ni bure. Utapimwa VVU pia, kwa sababu magonjwa haya mawili yanatembea pamoja na matibabu yake yanagusana.

Sasa mzani. Watu wanaupanda kwa kuchoka, viatu miguuni, simu na funguo mfukoni, kana kwamba ni utaratibu tu wa kujaza kadi. Kumbe ndio unaoamua vidonge. Dawa zote nne za miezi miwili ya mwanzo, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, zimo ndani ya kidonge kimoja. Mtu mzima wa kilo 52 anameza vitatu kwa siku, wa kilo 56 anameza vinne. Ukinenepa, na wengi wananenepa, dozi inabadilika. Kwa hiyo vua viatu.

Baada ya hapo ni miezi minne ya dawa mbili, jumla sita. Zamani hapa Tanzania ilikuwa minane. Unachagua: umezee dawa kituoni mbele ya mhudumu, au nyumbani mbele ya msimamizi uliyemtaja mwenyewe. Utaratibu huu una historia ya hapa hapa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977, akausaidia Dk. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia, na yaliyojifunzwa Tanzania ndiyo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuyasambaza kwingine miaka ya 1990. Ushauri wangu juu ya msimamizi: usimchague mtu kwa heshima yake, chagua anayelala nyumba hiyo hiyo na asiyeogopa kukuudhi.

Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Si damu, ni rifampisini. Hiyo hiyo inapunguza nguvu ya vidonge vya majira, kwa hiyo dada, tuambie mapema tutafute njia nyingine ya uzazi wa mpango. Ganzi miguuni ina dawa yake, vitamini B6. Lakini macho yakiwa ya njano, au ukianza kuona ukungu, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi wa pili tunapima makohozi tena, na hapo ndipo ninapopoteza watu. Homa imekwisha, hamu ya kula imerudi, bosi anapiga simu. Bakteria waliobaki ni wachache na wavivu, na miezi minne ile ni ya kwao. Anayekatisha dozi anaweza kurudi na TB sugu. Zamani wagonjwa wa TB sugu walikwenda kutibiwa hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Sasa huduma hiyo imeshushwa mikoani, lakini bado ni mzigo mzito kuliko huu wa kwanza.

Nyumbani, acheni kutenga sahani na vikombe, TB haipiti huko. Fungueni madirisha, na mlete watoto. Walio chini ya miaka mitano, wakionekana hawana TB, tunawapa dawa ya kinga.

Na ukipata msiba au msimu wa kilimo ukafika, usiondoke kimya. Pitia kliniki na kadi yako kabla hujakata tiketi, tukuandikie uhamisho au tukupe dawa za safari. Huko uendako kuna kituo kitakachokupokea.