Miaka 10 hadi 14: sanaa iingie ndani ya somo, isibaki pembeni mwa ratiba

Mtoto akifika darasa la tano, shule zetu nyingi huanza kumnyang'anya vitu. Nyimbo za darasa la kwanza zimekwisha, rangi zimefungiwa kabatini, kipindi cha sanaa kimemezwa na mazoezi ya hesabu, na jioni kuna masomo ya ziada. Sababu inayotolewa ni mtihani. Nikiwa mtu ninayeshughulika na elimu ya sanaa, nasema kwamba huu ndio umri wa kufanya kinyume chake, na kwamba Bagamoyo ina karibu kila kinachohitajika.

Wazee waliosoma kabla ya uhuru wanazikumbuka shule za kati, za darasa la tano hadi la nane. Leo rika hilo limekatwa vipande viwili: nusu liko msingi, nusu liko kidato cha kwanza na cha pili. Sera ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, inataka kila mtoto asome miaka 10 ya lazima, 6 ya msingi na 4 ya sekondari, na mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024 ukiwa na somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Hilo ni jambo jema. Lakini kipindi kimoja cha sanaa kilichosimama peke yake hakitoshi kwa mtoto wa miaka 12.

Kwa nini hakitoshi? Mtoto huyu anabalehe. Sauti inamkatika, mwili unamshangaza, anatamani kuonekana na wenzake na papo hapo anaogopa kuonekana. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga mambo na kuzuia papara, haikomai mpaka mtu avuke miaka 20 na kitu, ilhali hisia zake tayari zina nguvu za mtu mzima. Ukimketisha siku nzima ananakili ubaoni, unamfundisha kichwa na kuuacha moyo na mikono bila kazi. Wazee wa Kizaramo, Kikwere na Kidoe walilijua hilo. Mwali alifundishwa kwa nyimbo, mafumbo na ngoma, akapewa mwana hiti, kisanamu cha kuchongwa, amshike na kumtunza. Sisemi jando na unyago virudi kama vilivyokuwa, kwa maana yamo mambo ambayo hatupaswi kuyarudisha. Ninachosema ni kwamba waliotutangulia hawakudhani umri huu unafundishika kwa maneno matupu.

Chukua somo la sauti katika sayansi. Kwa kawaida mwalimu huandika ubaoni kwamba sauti hutokana na mtetemo, wanafunzi wakanakili, ikawa basi. Sasa leta ngoma moja darasani asubuhi, ikiwa bado na ubaridi wa usiku. Ipigwe, wasikilize. Kisha watoke nje, waipashe moto wa makuti makavu kama wapigaji wanavyofanya kila siku, waipige tena. Sauti imepanda. Kwa nini? Waache wabishane kwanza. Hewa ya pwani ina unyevu, ngozi huunywa na kulegea. Moto huukausha, ngozi ikakaza, na ngozi iliyokaza hutetemeka mara nyingi zaidi kwa sekunde. Nyunyiza punje za mchele juu ya ngozi, gonga taratibu ukingoni, wauone mtetemo unaorusha mchele.

Siku ya pili ni ya zeze. Ukiubana uzi katikati kabisa, nusu iliyobaki hutoa noti ileile ikiwa juu zaidi, maana mitetemo imekuwa mara mbili. Siku ya tatu ni ya ilimba, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma, ambayo watu wengi wa Bagamoyo waliizoea kwa sababu ya marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi na kufundisha hapa mpaka alipofariki mwaka 2003. Hapo wanafunzi watakutana na fumbo zuri sana: ulimi wa chuma wenye unene uleule, ukifupishwa kuwa nusu, mitetemo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Uzi umefungwa ncha zote mbili na umevutwa. Ulimi umebanwa upande mmoja na unategemea ugumu wake mwenyewe. Mtoto wa miaka 13 aliyelisikia jambo hilo kwa masikio yake atauliza swali ambalo hakuna maswali ya kuchagua yangeliamsha. Kanuni iandikwe baada ya hapo, siyo kabla, na kila mmoja aichore na kuieleza kwa maneno yake katika daftari analolitengeneza mwenyewe.

Utaratibu huu wa kuanza fizikia kwa sauti na muziki katika darasa la sita unafuatwa na shule za mfumo wa Waldorf, ulioanza Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Mwanzilishi wake, Rudolf Steiner, alikuwa na imani nyingi zisizo na msingi wa kisayansi, na hizo hatuna haja nazo. Lakini mpangilio wao wa siku unafaa kuigwa: mada moja hushikwa kila asubuhi kwa wiki tatu au nne, mwanafunzi akajitengenezea kitabu chake cha mada hiyo, badala ya kurukaruka kila dakika 40.

Hesabu nayo iko mlangoni, tena kwa maana halisi. Maua yaliyochongwa kwenye milango ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo yanaweza kuchorwa kwa bikari: ukiiacha na upana uleule wa nusu kipenyo na kuitembeza juu ya duara, inapiga hatua sita kamili, na petali sita zinajitokeza zenyewe. Ukili, yaani mkanda uliosukwa kwa miyaa, wa upana wa sentimita 10 ukitumika kushona mkeka wa mita 1 kwa mita 2, zinahitajika mita ngapi? Mita 20, na msukaji yeyote atakuongezea kidogo ya kukunjia pembeni. Na mkono mmoja ukigonga kila baada ya vipigo vitatu, na wa pili kila baada ya vinne, inakutana kila baada ya vipigo 12, ambacho ndicho kigawe kidogo cha shirika.

Historia inataka uangalifu zaidi. Mtoto wa Bagamoyo hupita Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara ya wapagazi, akienda sokoni, na misheni iliyoanza mwaka 1868 anaijua kwa macho, lakini ukimuuliza mpagazi alibeba kiasi gani hana jibu. Mzigo ulikaribia frasila mbili, kilo 30 na ushei, kwa safari ya kwenda Ujiji iliyozidi kilomita 1,000. Wapeni wanafunzi ndoo ya lita 20 iliyojaa maji waizungushe uwanjani kwa zamu, kisha waandike barua ya mpagazi kwa mama yake. Wataandika barua za kweli. Kuhusu utumwa, nina msimamo: simfungi mtoto kamba shingoni ili aigize mtumwa. Hilo halifundishi, linadhalilisha, na darasani wamo watoto ambao mababu zao walipitia hayo. Utumwa usimuliwe kwa shairi, kwa sauti ya msimulizi, kwa picha ya mkaa, na kwa ukimya unaoheshimu.

Vita vya 1888 na 1889, ambavyo Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliwapinga Wajerumani, vinafaa kabisa kutungiwa utenzi. Ubeti una vipande vinne vya mizani minane, na kina cha kipande cha mwisho hubaki kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Ili kuzipata mizani hizo 32, mwanafunzi atalazimika kuchagua jambo lipi la historia lina uzito na lipi liachwe. Huo ndio uchambuzi tunaoulilia kila siku.

Halafu kuna ule mpasuko wa lugha. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kukuta kila kitu kwa Kiingereza, katika umri ambao kuchekwa na wenzake ni adhabu kubwa kuliko fimbo. Wengi hunyamaza mwaka mzima. Mchezo wa kuigiza wa dakika tano huwafungua, kwa sababu maneno ni ya mhusika, siyo yao, na katika mazoezi sentensi ileile hurudiwa kwa hasira, kwa hofu, kwa furaha, mpaka ulimi uizoee. Asiyetaka kusimama mbele, kwa mfano msichana aliye katika siku zake, apewe kazi ya ala, mavazi au kumkumbusha mwigizaji maneno, bila kuulizwa sababu.

Wazazi huniuliza kama haya yatapandisha alama. Jibu la uaminifu ni hili: ushahidi kwamba kupiga ala peke yake kunamfanya mtoto awe bora katika hesabu ni dhaifu, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kinachobadilika ni namna mtoto anavyolielewa somo lililofundishwa kupitia sanaa, na hamu yake ya kuja shuleni. Wengine wana wasiwasi wa dini, na wasiwasi huo uheshimiwe. Sanaa si kukata viuno tu. Kasida, dufu, hati za Kiarabu, uchongaji na ususi vyote ni sanaa, na shule ikikaa na walimu wa madrasa mapema, mengi hupatana.

Pa kuanzia si pakubwa. Shule ichague mada moja ya sayansi na moja ya historia kwa muhula, iunganishe vipindi viwili vya asubuhi kuwa dakika 80, na madarasa ya wanafunzi 80 yagawanywe makundi yanayopokezana: kundi linapiga, kundi linapima, kundi linachora. Magaloni, makopo, mkaa na maboksi vinatosha. Mwalimu wa sayansi halazimiki kuwa mwanamuziki. TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, iko hapahapa mjini, na mitaani wako wasusi wa ukili, wachongaji na wajenzi wa majahazi. Waalikwe kwa barua rasmi, wapangiwe saa wakiwa na mwalimu wa somo, na walipwe. Kamati ya shule iliandike fungu hilo kwenye bajeti kama inavyoandika chaki na karatasi za mtihani.