Wahindu na Wasomi wa Magharibi: Ugomvi wa Tafsiri

Mwaka 1817 James Mill alichapisha historia ya India iliyowahukumu Wahindu kuwa watu wasiostaarabika, ilhali hakuwahi kufika India wala hakujua lugha yoyote ya huko. Katika dibaji yake alidai kwamba hali hiyo ilimwezesha kuamua bila upendeleo. Kitabu hicho kilitumika kuwafunza maofisa waliotumwa kuitawala India. Kwa hiyo Wahindu wanapolalamikia jinsi vyuo vikuu vya Magharibi vinavyoisawiri dini yao, wanasema kutokana na jeraha la zamani.

Mwaka 1995 msomi wa Marekani, Jeffrey Kripal, alichapisha kitabu kuhusu Ramakrishna, mtawa mashuhuri wa Kihindu wa Bengal, India, aliyefariki mwaka 1886, akitumia nadharia za kisaikolojia za Freud kudai kwamba maono yake ya kiroho yalifungamana na hisia za kimapenzi kwa wanaume. Swami Tyagananda, mtawa wa Kihindu anayeishi Boston, alijibu mwaka 2000 kwa kuyapitia upya maandiko ya Kibengali yanayosimulia maisha na maneno ya Ramakrishna. Miongoni mwa maneno aliyoyachambua ni *kol*, yaani mapajani, mahali anapopakatwa mtoto. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa upendo uliomo katika kumpakata mtoto, lakini Kripal alilisoma neno hilo kwa maana ya kingono. Naona hapa Tyagananda alikuwa na haki, ingawa Kripal naye alionyesha, kwa usahihi, kwamba tafsiri ya Kiingereza ya maandiko hayo, ya mwaka 1942, iliacha baadhi ya vifungu vya asili.

Wengine hawakujibu kwa hoja. Januari 2004 kundi la watu lilivamia taasisi ya utafiti ya Bhandarkar mjini Pune, India, kwa sababu wataalamu wake walitajwa kumsaidia msomi wa Marekani aliyeandika kitabu kuhusu Shivaji, mfalme wa Kihindu wa karne ya 17, na likaharibu miswada ya kale ambayo ni urithi wa Wahindu wenyewe. Mwaka 2014 kampuni ya Penguin iliondoa sokoni nchini India kitabu cha msomi wa Marekani, Wendy Doniger, kuhusu historia ya Wahindu, baada ya kushtakiwa kwa kifungu cha sheria cha mwaka 1927 kilichokataza kukashifu dini.

Tyagananda hakwenda mahakamani. Mwaka 2010, pamoja na mtawa mwenzake Pravrajika Vrajaprana, alichapisha kitabu kizima kinachochunguza tafsiri za Kripal, ambacho yeyote ajuaye Kibengali anaweza kukilinganisha na maandiko ya asili.